Nduru Ndani ya Kisanduku

Ukinunua kisanduku cha midundo, usianze kwa kutafuta sauti. Tafuta kwanza mahali pa kukiweka, ambapo unaweza kukinyakua kwa mkono mmoja na kukimbia. Hilo halimo katika kile kitabu kinachokuja na mashine, na hata kama lingekuwemo nisingelisoma. Shule niliacha darasa la tatu, siku mwalimu aliponipasua sikio kwa rula ya mbao na baba akaenda kumpasua yeye. Sikio lenyewe ni la kushoto. La kulia ndilo ninalofanyia kazi.

Kisanduku ninachosema ni kile cha kurekodi sauti na kuipiga kama ngoma. Ni kama Biblia mbili zilizolazwa sambamba, na juu kina vitufe vya mpira. Kila kitufe unakipa sauti yako: ngoma, filimbi, kikohozi cha mjomba. Ukibonyeza, inatoka. Ukibonyeza kwa mpango, mashine inaushika ule mpango na kuurudia peke yake mpaka uizime. Nimekitumia kupigia harusi Busia mjini, matanga Nambale na Khunyangu, na wavuvi wa Sio Port ambao hucheza na buti za mpira miguuni. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga ngoma ya ngozi, miaka mingi, mpaka vifundo vya vidole vikakataa.

Pale Nambale ndipo nilipojifunza hilo la kukimbia. Mzee mmoja alikuwa amekufa, akaacha nyumba mbili, na nyumba hizo hazikukubaliana kaburi lichimbwe upande wa mke gani. Nilikuwa napiga taratibu tu, watu wanakula. Ghafla kiti kikaruka. Halafu viti vikawa vingi. Mtoto mkubwa wa nyumba ya kwanza akampiga mwenzake wa nyumba ya pili kwa mpini wa jembe, hapa juu ya nyusi, na damu ikarukia vitufe vyangu. Mimi nilikuwa tayari chini ya meza. Nikiwa kule chini nikaona jambo ambalo bado nalifikiria: walikuwa wanapigana kwa mdundo. Mpiga ngoma wa kweli akiona damu mikono yake hufa, ngoma hunyamaza, na ule ukimya huwafanya watu watazame wameshika nini. Mashine haiogopi. Iliendelea kuwapigia na wao wakaendelea kupigana, mpini ukishuka pale pale besi inaposhuka. Kwa hiyo jifunze kitufe cha kusimamisha kwa kidole, bila kuangalia, hata gizani, hata ukiwa chini ya meza.

Aliyeniuzia hiki kisanduku ni mtu wa ng'ambo, Mganda, mfanyabiashara wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Alikuwa akivuka Malaba kwa miguu na begi la manjano lililojaa nyaya, spika ndogo, redio zisizo na mifuniko. Tulianza vibaya. Kitufe kimoja kilikuwa kimekufa na mimi nikagundua baada ya kulipa. Nilimshika shingo pale stendi, na yeye akanishika ukosi, tukazungushana mpaka mama wa chapati akatishia kutumwagia mafuta ya moto. Alipopata pumzi akaniita bwana kwa Kiganda, akasema, "Ssebo, kitufe kimoja kimekufa, sawa. Lakini hivyo vingine utavifanyia nini? Wewe si bado hujui."

Akakaa na mimi kwenye benchi la yule mama akanifundisha mpaka jua likageuka. La kwanza aliloniambia: "Ndani mna sauti za kiwandani. Futa zote. Ukiziacha, utapiga ngoma kama kila mtu mwingine duniani."

Nilifuta nikabaki na mashine tupu kama kaburi jipya. Nikaanza kuijaza. Kinu cha mke wangu. Mlango wa bati ukipigwa na upepo. Breki za lori, zile zinazopiga chafya. Nikajua kwamba sauti moja ukiishusha chini, polepole, inakuwa mnyama mwingine. Mlango wa bati ukishuka unakuwa radi. Nikajua kukata ule ukimya mdogo unaotangulia sauti, maana usipoukata mdundo unachelewa na wachezaji wanajikwaa bila kujua sababu. Nikajua pia kuacha mashine ikirekodi muda mrefu wakati hakuna kinachotokea. Hiyo ndiyo iliyonipa nduru.

Wacha nieleze nduru, maana siku hizi kuna watu wanaosoma haya wakiwa wamekaa ghorofa ya tano. Kwetu nduru ni sheria. Mwanamke akiipiga, unaacha tonge kwenye sahani, unashika kilicho karibu, panga, rungu, mchi, unakimbilia kule iliko. Hata kama ni nyumba ya adui yako. Hata kama ulikuwa chooni. Asiyekimbia ataulizwa kesho alikuwa wapi, na swali hilo si zuri kuulizwa, kwa sababu mara nyingi asiyekimbia huwa ndiye aliyesababisha.

Sasa siku hiyo nilikuwa namrekodi mke wangu akitwanga. Kisanduku nilikiweka juu ya kuni, nikaenda zangu kunywa pombe ya busaa kwa jirani, mrija wangu na wazee wenzangu. Nyoka mweusi akatoka kwenye zile kuni. Mke wangu akapiga nduru. Sote tulikimbia na mirija ikiwa bado mdomoni. Yule nyoka alikatwa na watu wengi kwa wakati mmoja mpaka mtu mmoja akamkata mwenzake mguu. Kuku walikula vipande. Jioni nikasikiliza, nikaikuta ile sauti, safi, na pumzi aliyovuta kabla yake. Sijasikia kitu kama hicho. Mwambie mtu aigize nduru, utapata kelele. Hii ilikuwa na kifo ndani.

Niliitumia kwenye harusi, ukumbini, wimbo ukifika kileleni. Watu walikuwa wanapanda meza. Lakini nilikuwa na mwiko wangu: ukumbini tu, mlango umefungwa, mjini. Mashambani sikuwahi kuigusa. Mke wangu alikuwa akisema, "Unanipeleka harusini bila kunivalisha," na anacheka, na mimi nacheka.

Nyumba yetu iko Malaba, upande huu, nyuma ya barabara ambapo malori hupanga foleni ndefu kusubiri kuvuka. Kati yetu na barabara kuna shamba la mahindi tu. Jumamosi moja jua lilitoka baada ya mvua nyingi. Spika zangu mbili za honi zilikuwa zimelowa kwenye shughuli Sio Port, nikazitoa nje, nyuma ya nyumba, zikauke, nikaziunganisha na betri ya gari nione kama zimepona. Mke wangu alikuwa ameenda Busia kuuza omena.

Nikasikia nduru. Ya kweli, ya mwanamke, kutoka barabarani.

Nilichukua fimbo nikakimbia kama sheria inavyotaka, nikapita kwenye mahindi. Kufika, watu tayari wamejaa kati ya malori mawili. Pembeni, mwanamke mmoja wa pale kwetu, mjane, ameshika ng'ombe wake kwa kamba na analia. Ng'ombe alikuwa amekata kamba akapotea, na mama alipomfuata akamkuta anavutwa na mgeni kuelekea mpakani. Mgeni mwenyewe alikuwa chini. Sikuuona uso wake, uso ulikuwa umeshaondoka. Nililiona begi la manjano.

Walikuwa wanampiga kwa vile vigogo ambavyo madereva huweka nyuma ya gurudumu. Mimi ni mtu wa sauti, nitasema nilichosikia. Mti ukipiga nyama unatoa sauti moja, iliyolala. Ukipiga mfupa unatoa mbili, ya mti na ya ndani. Alikuwa anatoa mbili mbili. Mdomoni hakuwa anatoa kitu.

"Huyu namjua," nikasema. "Ni mtu wa nyaya. Huniuzia nyaya."

Mwendesha boda mmoja, kifua wazi, akageuka. "Mzee anamjua. Haya, ulimtuma wewe?"

"Sikumtuma."

"Basi simama mbali, mzee wangu, usije ukachafuka. Shati lako ni la kanisani."

Watu walicheka. Sisemi kwa ubaya, walicheka kama watu wanaovuna pamoja. Nikasogea mbele, nikasema tena huyu namjua, na rungu likanishukia begani kutoka nyuma. Sauti ya mtu nisiyemwona ikasema, "Mwizi ana marafiki." Mkono wangu wa kushoto ukaning'inia.

Hapo nikaona tairi linakuja. Malaba tairi kuukuu halitafutwi. Na petroli inauzwa kwa chupa mezani, kama soda. Mtu alikuwa ameshatumwa kuileta wamchome.

Je, alikuwa ameiba? Sikujua. Mpaka leo siwezi kusema nilijua. Nilijua begi na nilijua shingo yake, kwa sababu niliwahi kuishika.

Nikarudi nyumbani. Walionitazama walidhani nimeogopa, na walikuwa sawa. Lakini kwenye mahindi, nikikimbia na mkono unaoning'inia, nilikuwa ninafikiria jambo moja: watu wale hawatamwacha kwa maneno, watamwacha kwa nduru nyingine. Mwanamme akipiga, hawaji, watasema mlevi. Lazima iwe ya mwanamke. Na mwanamke niliyekuwa naye nyumbani alikuwa ndani ya kisanduku.

Sasa sikiliza vizuri, maana haya ndiyo ambayo watu wenye mashine hunijia kuuliza, jinsi ya kuifanya iache kusikika kama mashine.

Kwanza, geuza spika zitazame ukuta au migomba, zisimtazame msikilizaji. Sauti ikija moja kwa moja inaonyesha mdomo wake, na mdomo wake ni bati. Nilizigeuza kwa goti. Pili, ondoa besi yote. Mwanamke hana besi kooni, spika ndiyo yenye besi. Tatu, ile pumzi ya kabla ya sauti, ambayo kwenye ngoma ungeikata, kwenye nduru iache. Nne, zipange sauti zote za mtu mmoja katika kundi moja, hivi kwamba ya pili ikianza, ya kwanza inakatika. Mtu ana koo moja. Ukiacha zipandane, umetengeneza wanawake wawili wanaofanana, na hakuna aliyewaoa hao.

Na la tano ndilo kubwa. Usiirudie. Nduru ikija mara ya pili vile vile ilivyokuja mara ya kwanza, sikio la mwanadamu linajua, hata la mlevi. Nilikuwa na ile nduru kwenye vitufe vitatu: kimoja kama ilivyo, kimoja nimekishusha kidogo, kimoja kinaanzia katikati, pale sauti inapopasuka. Nilibonyeza ya kwanza kwa nguvu. Nikangoja. Kungoja huko karibu kunishinde. Nikabonyeza ile inayopasuka, kwa wepesi, kama mtu ameshikwa mdomo. Halafu ile ya chini. Halafu nikaacha kabisa, na kuacha ndiko kulikowavuta, kwa sababu nduru inayokatika njiani ni mbaya kuliko inayoendelea.

Nikasikia mahindi yanavunjika.

Wa kwanza kutokeza alikuwa jirani yangu, shemasi wa kanisa letu, panga mkononi, jasho limemjaa. Nyuma yake wote. Yule wa boda. Mwenye kigogo, na kigogo chenyewe kina nywele. Walikuwa wamekuja kumwokoa mke wangu, na ninataka hilo lieleweke: walikimbia kwa moyo mmoja, wengine viatu vimebaki barabarani.

"Mama yuko wapi?" shemasi akauliza.

"Yuko Busia."

"Nani analia?"

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Alikitazama. Nilidhani nitasema uongo, mdomo ukakataa. "Ni mimi," nikasema.

Yule wa boda akaenda akatazama nyuma ya spika, akarudi. "Mzee ametupigia disko," akasema, taratibu.

Honi zilipigwa jembe. Zilitoa sauti nzuri sana zikifa, Mungu anisamehe kwa kuisikia. Panga likashuka juu ya kisanduku likakipasua upande mmoja. Mimi nilipigwa mbavu, nikaangushwa, nikainuliwa tena. Halafu shemasi akawaambia wangoje. Akaushika mkono wangu mzima, wa kulia, akauweka juu ya lile gogo la kupasulia kuni, akavipiga vidole viwili kwa ubapa wa panga. Mara moja tu. Alifanya bila hasira, kama mtu anayefundisha watoto wa Jumapili.

"Nduru si ya kuchezea," akasema.

Sikumbishia. Alikuwa anasema kweli.

Kule barabarani dereva mmoja wa lori alikuwa amekaa juu akiona yote tangu mwanzo. Watu walipokimbilia kwangu, alishuka na spana ya magurudumu pamoja na tanboi, msaidizi wake, wakamburuta Mganda mpaka kwenye kabini, wakafunga milango. Mjane alibaki pale na ng'ombe wake, na dereva akamwambia kupitia dirishani: ng'ombe huyo alikuwa amesimama katikati ya matrela mawili, moja linarudi nyuma, na huyu mtu ndiye aliyemtoa kwa kamba. Alikuwa anampeleka pembeni tu. Mjane aliniambia baadaye kwamba alikaa pale pale kwenye lami.

Mganda alitibiwa kwao, Tororo. Jicho moja halikurudi na taya lake linafunga upande. Alikuja kuniona alipoweza kutembea. Alikaa, akavitazama vidole vyangu, akasema, "Ssebo, ulichelewa sana kuanza."

"Nilikuwa natafuta waya," nikasema. "Ile uliyoniuzia ni fupi."

Alicheka kwa nusu ya mdomo na machozi yakatoka kwenye jicho lisiloona. Kisanduku nacho kilibaki na vitufe sita. Nakuambia, vitufe sita vinatosha. Mtu mwenye vingi anacheza na vitufe, mwenye sita anacheza ngoma.

Lakini ile Jumamosi haikuishia hapo. Mke wangu alikuwa amepata habari kabla hata hajashuka stendi. Aliingia na beseni tupu la omena, akatazama vidole vyangu, akavifunga kwa kijiti na kitambaa. Akalikaza fundo.

"Mimi nimekaa Busia nauza samaki," akasema, "na huku nimeuawa mbele ya kijiji kizima."

"Kulikuwa na mtu anakufa."

"Najua. Ungekuwa umeniuliza, ningekuambia piga." Akasukuma kisanduku mbele yangu. "Lakini sasa futa."

Kioo chake kilikuwa kimepasuka ila kilionyesha bado. Nikafuta.

"Na ile ya chini."

Nikafuta.

"Na ile inayoanzia katikati. Unadhani sijui? Ninalala na wewe."

Baada ya siku chache watu wa kijiji walikutana kwetu. Hawakuja kwa ubaya, walikuja na swali. Shemasi ndiye aliyeliuliza, akitazama chini: nduru ikitoka nyumba hii tena, watajuaje? Nilianza kuapa kwamba nimefuta, hakuna iliyobaki. Mke wangu hakungoja nimalize. Alisimama katikati yao akavuta pumzi, akapiga nduru. Ilikuwa ile ile ya kwenye kisanduku, na mbwa wa pande zote wakaitika.

Watu walimtazama. Hakuna aliyeinuka. Miguu ya mmoja au wawili ilishtuka kidogo, kisha ikatulia, na wakatazamana.

Alikaa chini.

Ni yule mjane aliyesema, "Basi apige debe." Wakakubaliana hivyo. Nyumba nyingine zote, nduru. Kwetu, debe. Akaletewa la mafuta ya kupikia, kuukuu, akalitundika kwa waya kwenye boriti ya jikoni, na mchi akauegemeza kando.

Ilibidi lijaribiwe. Wanawake walijipanga, mmoja kisimani, mmoja kwenye mahindi, mjane akavuka barabara mpaka ng'ambo ya malori, ili wajue linafika wapi. Mke wangu akapiga.

"Hatusikii, mama, ongeza," wakaita kutoka kisimani.

Akaongeza. Debe likabonyea.

"Tunasikia kidogo tu," wa kwenye mahindi akaita.

Akaushika mchi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, vidole vimevimba. Kila pigo lilikuwa tofauti na lililopita na hakulipanga hata moja. Mjane akapunga leso kutoka ng'ambo ya barabara. Wa kisimani wakaita kwamba sasa linafika, imetosha, mama, tumekusikia, imetosha. Debe lilikuwa limepasuka chini na waya umeanza kukatika. Aliendelea kupiga.